Kutoka Holloway Road Hadi Goonhilly: Siku Tano za Kuufuata Wimbo wa Baba

Nimerudi Mombasa wiki ya tatu sasa, na kila anayekuja kunisalimia ananiuliza Uingereza nilikwenda kutafuta nini huko mashambani. Basi nimeketi na daftari langu, bahasha ya risiti na picha za simu, niipange safari siku kwa siku.

Kisa ni santuri. Babangu ana santuri moja ndogo ya mizunguko 45 ambayo hakuna anayeruhusiwa kuishika kabla ya kunawa mikono. Kibandiko chake ni cha Decca, buluu iliyokoza, namba F 11494. Upande mmoja ni "Telstar", upande wa pili "Jungle Fever". Wapigaji ni The Tornados, vijana watano wa Uingereza, na muziki wao ni wa ala tupu. Baba aliinunua hapa hapa Mombasa mwaka 1963 akiwa na miaka kumi na tisa. Baadaye akawa fundi kwenye kituo cha setilaiti cha Longonot, kile kilichofunguliwa 1970 kule Bonde la Ufa, na santuri ikahamia naye Naivasha ikiwa imefungwa ndani ya kikoi.

"Telstar" ni jina la setilaiti, na kwake yeye wimbo huo haukuwa wa wacheza dansi. Ni wimbo wa mafundi, ndivyo alivyotuambia tangu utotoni. Sasa ana miaka themanini na mmoja, magoti hayamruhusu safari ndefu. Nikasema nitakwenda mimi, nimpelekee picha za mahali wimbo ulipotengenezwa, na za Goonhilly, kituo cha Cornwall kilichopokea picha za setilaiti hiyo.

Alhamisi, Aprili 3, 2025. Holloway Road, London

Nililala kwa binamu yangu, mtaa wa Leyton. Asubuhi alinipikia chai ya maziwa na kunionya: "Dada, vaa koti, hilo jua linakudanganya." Kweli. Jua lilikuwa kali machoni na baridi masikioni.

Treni za chini ya ardhi nililipia kwa kugusisha kadi ya benki, hakuna haja ya kupanga foleni ya tiketi. Nilishuka stesheni ya Holloway Road, nikapanda lifti hadi juu, na mara moja nikapigwa na kelele. Barabara hii ndiyo A1, njia kuu ya kutoka London kuelekea kaskazini, na malori hayakatiki. Watu wengi wa kwetu wanaoshuka hapa wanaelekea uwanja wa Arsenal, uko jirani kabisa. Mimi niligeukia upande mwingine, nikahesabu namba za milango hadi 304.

Ni jengo la kawaida, chini duka na juu madirisha. Ukutani kuna kibao kinachomtaja Joe Meek, mtayarishaji wa muziki, mtu wa "Telstar", 1929 hadi 1967, kwamba hapa ndipo alipoishi, alipofanya kazi na alipofia. Nilisimama ng'ambo ya barabara karibu saa nzima. Nilitaka kuelewa ilikuwaje mtu akarekodi muziki katikati ya mngurumo huu.

Studio nyingi wakati ule zilikuwa za makampuni makubwa, na mafundi wake walifuata taratibu kama za ofisini. Meek alikuwa amefanya kazi kwenye studio za wengine, akachoka kuambiwa hapana. Akapanga ghorofa tatu juu ya duka la mikoba ya ngozi, akazijaza waya na mashine alizozifungua na kuziunda upya kwa mikono yake. Akitaka mwangwi, alitumia bafu. Nafasi ikiwa ndogo, wapigaji alipanga hata kwenye ngazi. Kusoma noti hakujua, wala hakuwa mpigaji wa ala yoyote. Alijifunza sauti kwa njia ya umeme: katika jeshi la anga alikuwa fundi wa rada, na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kufungua redio za watu.

Julai 10, 1962 Wamarekani walirusha setilaiti ya Telstar kutoka Cape Canaveral: mpira wa kilo 77 hivi, upana haufiki mita moja, umezungukwa na vipande 3,600 vya kunasa nguvu ya jua. Siku chache tu baadaye Meek alikuwa na lahani kichwani. Aliirekodi kwa mdomo, akiimba kwa sauti yake isiyo na ufundi juu ya tepu ya wimbo mwingine, halafu ikafanyiwa kazi mpaka ikapata umbo.

The Tornados wakati huo walikuwa wakimsindikiza mwimbaji Billy Fury kwenye maonyesho ya msimu wa kiangazi huko Great Yarmouth, pwani ya mashariki. Clem Cattini dramu, Alan Caddy gita, George Bellamy gita la mdundo, Heinz Burt besi, Roger LaVern vinanda. Wakaja London mbio, wakarekodi, wakarudi mbio kuwahi jukwaa. Meek na mwanamuziki Geoff Goddard wakabaki na tepu. Ile sauti nyembamba inayolia juu ya magita, inayobeba wimbo mzima, ni Goddard kwenye clavioline, kinanda kidogo cha umeme.

Hapa lazima nimtaje marehemu mamangu. Kila Baba alipoiweka santuri hii, yeye alisema kutoka jikoni, "Hiyo been ya nyoka tena!" Kizazi chake Mombasa kililelewa na filamu za Kihindi, na katika Nagin ya 1954 kuna ile filimbi ya kumwita nyoka iliyotikisa majumba ya sinema hadi kwetu. Baba alimwambia amechanganya, huu ni muziki wa Waingereza. Mama alikufa akishikilia lake. Nami nikiwa mtu mzima nikagundua kwamba alikuwa sahihi: sauti ile ya Nagin haikuwa filimbi, ilipigwa na mwanamuziki Kalyanji kwenye clavioline, kinanda kilichobuniwa na Mfaransa Constant Martin mwaka 1947. Ni ala ya aina ile ile, miaka minane kabla. Sikio la Mama lilisikia kutoka jikoni, na sufuria zikichemka, jambo ambalo Baba na utaalamu wake wote hakulisikia.

"Telstar" ilitoka Agosti 17, 1962. Ilikaa namba moja Uingereza wiki tano, na Desemba ikashika namba moja Marekani. Hakuna kundi la Uingereza lililokuwa limefika hapo kabla yao. The Beatles walifika mwaka 1964.

Nyumba hii pia ina msiba wake. Mtunzi wa Kifaransa, Jean Ledrut, alishtaki kwamba lahani imeibwa kutoka muziki wake wa filamu, na malipo ya Meek yakazuiwa. Miaka ikapita, madeni yakaongezeka, akili yake ikaanza kumtupa. Februari 3, 1967 alimpiga risasi mwenye nyumba wake, Violet Shenton, kisha akajiua. Hukumu ya kumsafisha ilitoka baada ya kifo chake. Nasoma kibao, jina la Violet Shenton halimo. Inasimuliwa kwamba kelele zikizidi mama huyu alikuwa akigonga dari kwa ufagio, lakini kwa miaka kadhaa aliwavumilia, na bila dari yake santuri ya Baba isingekuwepo. Nilimsomea Fatiha pale pale kwenye njia ya miguu.

Chakula cha mchana: mkahawa wa Kituruki barabara hiyo hiyo, supu ya dengu na mkate wa moto, pauni 5.50. Pauni moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 170 za Kenya. Mzee wa pale aliponiona naandika aliniongeza chai bila kunitoza, akaniuliza naandika nini. Nilimwekea wimbo kwenye simu. Aliusikiliza hadi mwisho, mikono kifuani, kisha akasema anaujua tangu mtoto ila hakujua umetengenezwa mtaani kwake.

Ijumaa, Aprili 4

Kufua, swala ya Ijumaa, na kununua tiketi. Neno kwa watakaofuata: viza ya matembezi nililipa pauni 115, lakini tangu Aprili 9 ilipanda ikawa 127, basi hakikisheni bei mpya kabla ya kupanga bajeti. Na tiketi za treni nunueni mapema mtandaoni mkiwa na siku na saa maalumu. Ya kwangu ya London hadi Gloucester ilikuwa pauni 29. Mwanamke aliyeketi karibu nami alinunua siku ile ile dirishani, akalipa zaidi ya mara mbili.

Jumamosi, Aprili 5. Newent

Nilichagua tarehe hii makusudi. Joe Meek alizaliwa Newent Aprili 5, 1929.

Kutoka Paddington hadi Gloucester ni kama saa mbili, na stendi ya mabasi iko jirani na stesheni. Nauli ya basi England mwaka 2025 ilikuwa na kikomo cha pauni 3 kwa safari nyingi za kawaida, kwa hiyo usiogope umbali. Newent ni kilomita 16 hivi, njia nyembamba kati ya mashamba, na kando yake maua ya manjano ya daffodili pori, yakiwa yameanza kunyauka. Eneo hili lina sifa nayo. Abiria mmoja aliniambia zamani walichuma mafungu kwa mafungu, yakapelekwa London kwa treni.

Mji ni mdogo, unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Katikati kuna jengo la soko la mbao, limesimama juu ya nguzo tangu 1668, chini wazi, juu chumba. Meek alizaliwa pale pale kwenye uwanja wa soko. Nilikaa chini ya zile nguzo nikala sandwichi ya mayai, pauni 3.20, nikimwaza mtoto anayejifungia kwenye kibanda cha bustani na waya zake huku wenzake wakicheza nje. Alipokua aliuza na kutengeneza vyombo vya umeme kabla hajakimbilia London. Nimewajua watu wa aina hiyo. Katika nyumba yetu ya Naivasha sikumbuki siku ambayo meza ya kulia haikuwa na redio iliyofunguliwa tumbo.

Kaburi lake liko kwenye makaburi ya mji. Nilizunguka nusu saa bila kulipata. Bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua kwenye kaburi la mumewe aliweka ndoo chini, akanishika kiwiko, akanipeleka hadi mbele yake. Aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Mombasa alinyamaza kidogo, halafu akachomoa daffodili mbili kutoka kwenye fungu lake. Moja akaniachia niiweke, moja akaiweka mwenyewe, akarudi kwenye ndoo yake.

Nilipiga picha moja tu. Nyasi zilikuwa na umande bado, na kengele ya kanisa ilikuwa ikigonga.

Tahadhari: basi la kurudi Gloucester jioni si la kila saa. Piga picha ratiba ya kituoni mara tu unaposhuka. Nililala Gloucester, chumba cha pauni 58, maji moto, hakuna la kusimulia.

Jumapili, Aprili 6. Treni kwenda Cornwall

Jumapili si siku ya kusafiri masafa marefu, sasa najua. Nilibadilisha treni Bristol, na ile ya kwenda Cornwall ikasimama njiani kwa hitilafu ya ishara za reli. Tulikaa pale, ng'ombe wanatutazama nasi tunawatazama. Mama mmoja aliyekuwa na watoto watatu alifungua kikapu akagawia behewa zima biskuti. Mimi nilikuwa na kashata za binamu yangu, zikapita mkono kwa mkono hadi zikaisha, na mtoto mmoja akaja kuuliza kama zimebaki.

Tulichelewa dakika sabini. Weka tiketi yako, jaza fomu ya fidia mtandaoni ukifika. Nauli yangu yote ya kipande kile ilirudishwa.

Ila njia yenyewe jamani! Karibu na Dawlish reli inapita juu ya ukuta wa bahari, mawimbi yako chini ya dirisha. Dhoruba ya Februari 2014 iliuvunja ukuta huo, reli ikabaki inaning'inia hewani. Baadaye unavuka mto Tamar kwa daraja la chuma la mhandisi Brunel la 1859, na treni inapunguza mwendo kama inayopiga hodi. Kaa upande wa kushoto ukielekea magharibi.

Redruth nilifika jioni, basi la Helston limeondoka na lijalo ni la mbali sana. Wazee wawili, mume na mke, walikuwa wamekuja kumpokea mjukuu wao wa kike. Yule binti ndiye aliyenisikia nikiuliza. "Babu, si tunapita Helston?" Wakanipakia. Njiani nilieleza ninakokwenda, kwenye dishi la Goonhilly, na mzee akaanza kugonga usukani kwa vidole, ule mdundo wa farasi anayekimbia ulio chini ya "Telstar". Aliusikia akiwa mvulana, akasema, na hadi leo akipita karibu na dishi lile unamjia wenyewe. Nilitaka kuchangia petroli, wakakataa kabisa.

Jumatatu, Aprili 7. Goonhilly

Kifungua kinywa Helston: pasti. Ni kama sambusa kubwa ya kuoka, ukubwa wa kiganja na nusu, ukingo wake umesokotwa kama kamba. Ya asili ina nyama ya ng'ombe, viazi na tanipu. Wanaotaka halali waombe ya jibini na kitunguu, pauni 4.40, inashibisha hadi alasiri.

Basi asubuhi liliingia rasi ya Lizard. Nilimwambia dereva anishushe karibu na madishi. Akanishusha, akaniambia basi la kurudi litasimama tu nikinyoosha mkono barabarani, na nisingoje kwenye kona maana madereva hawaoni.

Goonhilly ni nyika pana, tambarare, vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, upepo mtupu. Kituo cha wageni kilifungwa miaka mingi iliyopita na kituo chenyewe ni cha kazi, hauingii. Lakini nyika ni hifadhi ya wazi, njia za miguu zinakufikisha karibu na uzio. Karibu na uzio huo kuna jiwe la kale lililosimamishwa na watu wa zama za mawe au shaba, refu kama mita tatu, na nyuma yake, kwenye picha yangu, ndiye yeye: Arthur, dishi lililoipokea Telstar.

Dishi la Arthur lina kipenyo cha mita 25.9 na uzito wa tani zaidi ya 1,100. Nilikuwa nimeona picha zake maisha yangu yote kwenye vitabu vya Baba, ila picha haikupi ule uzito. Ni chuma juu ya chuma juu ya zege. Na tani zote hizo zilijengwa ziweze kugeuka. Telstar haikutulia angani kama setilaiti ile ya juu ya Bahari Hindi ambayo Longonot iliitazama. Ilizunguka dunia kwa saa mbili na dakika 37, na katika kila mzunguko ilionekana kwa pamoja na Marekani na Ulaya dakika ishirini hivi tu. Katika dakika hizo Arthur alitakiwa aikamate na kuifuata kama mtu anayefuata kunguru kwa darubini.

Usiku wa kwanza, Julai 11, 1962, Goonhilly walipata picha hafifu isiyoeleweka, na Wafaransa kule Pleumeur-Bodou wakapata safi. Kumbe kifaa kimoja cha kupokea mawimbi kilifungwa kinyume. Wakakirekebisha, usiku uliofuata picha ikaja. Baba anakipenda kisa hicho kuliko chochote. Katika maisha yake amefunga vitu kinyume, na amekesha kuvifungua.

Setilaiti yenyewe haikudumu. Siku moja kabla haijarushwa, Marekani ililipua bomu la nyuklia juu sana angani, miale ikabaki huko na kuharibu vifaa vyake. Februari 1963 ilinyamaza moja kwa moja. Santuri ilikuwa bado inauzwa. Heinz, Caddy na Goddard wote walifariki mwaka 2000. Telstar bado inazunguka juu ya vichwa vyetu, imezimika.

Nilimpigia Baba kwa video. Mtandao ulikatika mara tatu, nikapanda kwenye kichuguu cha nyasi, ukashika. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na miwani yake yote miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani.

"Unamwona, Baba?"

Hakujibu. Alisogeza simu karibu na uso hadi nikaona jicho tu.

"Sauti yako haipiti juu, mama," akasema hatimaye. "Inapita chini ya bahari, kwenye kebo, inatokea hapa hapa Mombasa. Lakini huyo ndiye aliyeanza." Halafu: "Usinionyeshe uso. Uso wake naujua. Nenda ukanionyeshe mgongo."

Nikatembea kando ya uzio, upepo unanivuta mtandio, mkono juu na simu. Kila hatua alikuwa akitaja: zile mbavu, ule mhimili wa kuinua, reli ya kugeukia. Alitaja kwa Kiingereza cha kazini na Kiswahili cha nyumbani vikiwa vimechanganyika, sauti yake ikawa ile ya miaka ya Naivasha, ya mtu anayeelekeza mwanagenzi. Kuna boriti moja aliniambia nirudi nyuma hatua mbili aitazame tena. Nikarudi. Akaniambia nikae hapo hapo nisitikisike.

Nilisimama hivyo hadi betri ikafika asilimia nne.